Mafuta ya mashini ndani ya aparei ya baba mdogo

Kwa kawaida hapa ninawaletea habari za mvua, za madaraja, za bei ya unga na ndagala, na za watu wetu walio ng'ambo ya ziwa. Leo mnivumilie. Tangu niweke hapa ile picha ya tate wangu, mama mzaa baba, watu wengi wamenipigia simu wakiuliza imepigwa na simu ya aina gani. Haikupigwa na simu. Ilipigwa na Yashica Mat 124G, aparei ya filimu, na kidogo isipatikane kabisa kwa kosa langu mwenyewe.

Aparei hiyo ni ya baba mdogo. Wenye umri wataikumbuka: sanduku jeusi lenye macho mawili, moja juu ya lingine. Jicho la juu ni la mpigaji, anainamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu. Jicho la chini ndilo linalopitisha mwanga kwenda kwenye filimu. Inatumia filimu ya 120, picha 12 za mraba, sentimita sita kwa sita, kisha imekwisha, unavua na kuweka nyingine. Wajapani walianza kuiuza mwaka 1970, wakifuata mfano wa Rolleiflex ya Wajerumani ambayo ilitoka 1929. Baba mdogo alilisha watoto sita kwa aparei hiyo: ubatizo, harusi, diploma, picha za karti, na vijana waliokuja na redio ya kukopa ili waonekane nayo mkononi.

Oktoba 1996, vita ilipoingia Uvira, alivuka ziwa kwenda Kigoma. Mke wake alibeba mtoto, yeye alibeba beseni la unga wa muhogo, na katikati ya unga, ndani ya plastiki na kitenge, ilikuwamo Yashica. Aliniambia unga ulipata njia ya kuingia hata hivyo, na kuutoa kulimchukua miezi miwili. Hakurudi tena kuishi huku. Mwaka 2019 alinitumia aparei kwa mtu wa boti, pamoja na tanki la kuoshea filimu na barua ya ukurasa mmoja. Barua niliisoma haraka haraka. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kabla sijafika kwenye kosa, nieleze kilicho ndani ya lile jicho la chini. Kati ya vioo vya lenzi kuna kitu tunachokiita obtirateri. Katika aparei nyingi za filimu ndogo, obtirateri ni pazia linalopita mbele ya filimu, nyuma kabisa. Katika Yashica, Rolleiflex, Hasselblad za zamani na Mamiya nyingi, iko ndani ya lenzi yenyewe: vibati vitano vya chuma, vyembamba kuliko karatasi ya daftari, vimepandana kidogo kama maganda ya kitunguu. Ukibonyeza, vinafunguka kutoka katikati kwenda pembeni, vinangoja muda uliopanga, vinafunga. Yashica inatoa kutoka sekunde moja hadi 1/500. Ya kwetu imeandikwa Copal, jina la waliotengeneza obtirateri hiyo. Wajerumani wana Compur, iliyotoka Munich mwaka 1912, na Prontor. Zote zinafanya kazi kwa springi na vigurudumu vidogo vyenye meno, kama saa ya mkono. Hakuna betri. Betri ya Yashica ni ya kipimo cha mwanga tu, na ya kwetu ilikufa zamani bila kumsumbua mtu.

Neno la kushika ni hili: vibati vile vinatakiwa kuwa vikavu. Vikavu kabisa. Springi inayovisukuma ni dhaifu, na hata utelezi mdogo wa mafuta unavigandisha kimoja kwa kingine. Barua ya baba mdogo ilisema hivyo, mstari wa tatu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani. Wasomaji wa hapa hawahitaji nisimulie: tulizika makumi ya watu, na maelfu ya nyumba zilikwenda. Kwetu maji yalifika juu ya kitanda. Sanduku la chuma ambamo niliweka aparei lilielea, kisha likazama kwenye tope. Nilipoifungua siku ya tatu, ngozi ya nje ilikuwa imevimba na lenzi ilikuwa na ukungu. Niliifuta, nikaiacha kivulini, nikaizungusha mkono wake. Obtirateri ilifunguka polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini.

Nikafanya vile mtu yeyote wa hapa angefanya kwa mashini ya kushona au kitasa cha mlango. Nikaingiza matone mawili ya mafuta ya mashini kupitia upenyo wa pembeni ya lenzi. Ikafanya kazi! Ililia "tsk" safi kabisa. Nikajipongeza, nikasema mzee atafurahi.

Julai mwaka huo ukoo ulikutana kumshukuru Mungu kwamba tate alikuwa amepona. Alikuwa amebebwa mgongoni usiku ule na kijana wa jirani. Nyumba yake haikubaki, na bahasha yake ya picha haikubaki: picha ya ndoa, ya mume wake akiwa na kofia ya kazi, za watoto aliowazika. Aliniita pembeni.

"Mume wangu," akasema, maana hivyo ndivyo matate wetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "picha zangu zote zimekwenda na Mulongwe. Nipige moja nzuri. Kubwa. Ile mtakayoweka juu ya sanduku siku yangu."

Nilikuwa na filimu moja tu. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hakuna aliyekuwa akivuka kutoka Bujumbura na mzigo wowote. Picha 12. Mbili nilizimaliza ndani ya nyumba ya shangazi, jikoni, kwa flashi, ili nione kama flashi bado inawaka. Tate alikuwa akichambua sombe, kichwa wazi, anacheka kwa kunigombeza: nimemuanza kabla hajavaa. Kumi zilizobaki nilizipiga nje, saa nne, chini ya mwembe, yeye akiwa na kitenge kipya na kilemba, ameketi kama malkia. Nilipanga 1/125. Nilisikia sauti, sikusikia kwamba sauti imerefuka.

Jioni niliosha filimu katika choo cha nyumba tuliyokodi, mlango umezibwa na blanketi. Negatifu kumi zilitoka nyeusi tii. Katika negatifu, weusi ni mwanga uliozidi. Ukiishika mbele ya taa huoni uso, huoni mwembe. Mafuta yalikuwa yametambaa juu ya vibati vyote, na joto la saa nne likayaeneza zaidi. Badala ya kukaa wazi 1/125, lenzi ilikaa wazi labda mara ishirini au thelathini ya muda huo. Filimu ya nyeusi na nyeupe inavumilia mwanga uliozidi mara mbili, mara nne, hata zaidi. Hiyo haikuvumilika.

Zile mbili za jikoni zilitoka. Nilikaa sakafuni nikijiuliza kwa nini, na jibu lilikuwa rahisi. Jikoni mlikuwa na giza, mwanga wote uliofaa ulitoka kwenye flashi, na flashi huwaka kwa muda mfupi kuliko 1/500. Obtirateri ikichelewa kufunga baada ya hapo, haidhuru sana, mradi flashi imewaka wakati vibati viko wazi. Moja ilikuwa na kivuli cha mwendo, mkono wa tate umeonekana mara mbili kwa sababu ya mwanga wa mlangoni. Nyingine ilikuwa safi.

Nilimtumia baba mdogo sauti kwa WhatsApp. Akajibu baada ya saala ya magharibi.

"Mwanangu, uliweka mafuta?"

"Ndiyo, baba. Kidogo tu."

Kimya kirefu. Kisha sauti ya pili: "Barua yangu uliisoma?"

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alianza kunifundisha upya kutoka mwanzo, sauti moja kila usiku, kwa wiki mbili, na hayo ndiyo ninayowaandikia, kwa sababu najua hapa Uvira, Baraka na Bukavu bado ziko aparei za namna hii juu ya makabati, na watoto wanaanza kuzitoa.

Kwanza kufungua. Pete ya mbele ya lenzi ina jina na nambari, haina pa kushika. Usitumie kisu wala koleo. Tafuta kitu cha mpira chenye upana unaolingana nayo, ukandamize na kuzungusha kinyume cha saa. Mimi nilitumia mpira wa chini wa gongo la mgonjwa, niliununua sokoni kwa franka elfu moja, na ulikaa sawasawa kana kwamba ulitengenezwa kwa Yashica. Pete ikitoka, kifungu cha mbele cha vioo kinafunguka chote pamoja. Usikitenganishe. Weka alama ya penseli mahali kilipoanzia, ukirudishe mpaka mwisho wake uleule, la sivyo picha zitakosa ukali. Nyuma yake utaviona vibati vitano. Vyangu viling'aa kama samaki wa kukaanga.

Pili kuosha. Inatakiwa esansi ya briketi, ile safi ya kuwashia sigara inayouzwa kwenye kichupa. Si esansi ya makadhafi wa barabarani, hiyo inaacha mafuta yake. Pamba kidogo kwenye kijiti cha meno, tone moja, unapaka vibati, unafungua na kufunga mara kadhaa kwa mwendo wa polepole, unafuta, unaacha ikauke. Wakati bado mbichi usijaribu 1/500, kwa sababu vibati vimeshikana kwa umajimaji na vinaweza kupinda, na kibati kilichopinda hakinyooki tena. Ikikauka utaona pete ya mafuta imerudi. Unaanza tena. Mimi nilirudia mara tisa kwa siku nne. Mara ya tisa haikubaki alama. Vibati vya diafragma, vilivyo nyuma, vinapata dawa hiyohiyo, ingawa hivyo vinasamehe zaidi.

Baba mdogo aliongeza jambo ambalo sikulijua: hata asiyeweka mafuta anaweza kuyakuta. Grisi ya kuzungushia umbali inayeyuka kwenye joto na kutambaa kuja kwenye vibati. Nyumba zetu za mabati saa nane ni tanuri, na dashibodi ya gari ni mbaya zaidi. Weka aparei chini, mahali pa baridi.

Tatu kupima. Zamani yeye alipima kwa sikio, sekunde moja kwa kuhesabu moyoni. Mimi nilitumia simu. Unarekodi sauti ya obtirateri, unatazama mistari miwili, ya kufungua na ya kufunga, na kusoma muda kati yao. Kabla ya kuosha, sekunde moja ilichukua karibu nne. Baada ya kuosha ilikuwa moja na kitu kidogo. Rafiki ana simu inayopiga video ya picha 240 kwa sekunde. Ukiacha mgongo wa aparei wazi na taa nyuma, 1/30 inatakiwa ionekane katika picha nane. Tulipata tisa. Kwa 1/500 njia hizi hazitoshi, na obtirateri kuukuu huchelewa hapo, kwa hiyo naichukulia kuwa pungufu na sisumbuki.

Zile mwendo za polepole, kuanzia 1/30 kwenda chini, zinaongozwa na vigurudumu vya meno ambavyo hugandishwa na vumbi na mafuta makongwe. Ukisikia "zzzz" inakatika katikati, ndiyo hiyo. Hapo nilitia esansi ileile na kuzipiga mara nyingi. Fundi wa saa angeweka chembe ya mafuta ya saa kwenye ncha za vigurudumu. Mimi sikuweka kitu. Mkono wangu ulishajionyesha.

Mengine ni mazoea ya kutumia. Nayaandika jinsi alivyoyasema, bila mpangilio. Ukitaka 1/500, panga kabla ya kuzungusha mkono, si baada, maana hapo kuna springi ya ziada. Usiiache imejazwa usiku kucha. Zungusha pale tu unapokaribia kupiga. Kile kijiti cha kujipiga mwenyewe usikiguse, kwa sababu kikikwama kinafunga obtirateri yote. Cha kwetu kimebandikwa plasta tangu Kigoma. Swichi ya flashi iwe X daima. M ni ya taa za zamani zilizoungua mara moja na kutupwa, zilizohitaji muda kidogo kufikia mwanga wake, ndiyo maana obtirateri ilizingoja. Ukiweka M na flashi ya siku hizi, inawaka kabla vibati havijafunguka, na unapata giza. Na kila mwezi, hata kama huna filimu, ipige mwendo zote mara kumi kumi. Isiyotembea inaganda.

Juu ya ukungu: sisi tuko kando ya ziwa na masika yetu ni marefu. Aparei haikai ndani ya mfuko wake wa ngozi, ngozi inashika maji na kuvu inapenda hapo. Mimi naiweka kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na mchele niliokaanga mkavu na kuufunga kwenye kitambaa, mchele nabadilisha kila baada ya wiki mbili. Tate aliniambia kaburi la mchele.

Mtu atauliza faida ya taabu yote hii. Nitatoa moja, kwa wapiga picha wa harusi. Jua letu la saa sita linatia giza machoni pa watu, na gauni jeupe linawaka. Dawa ni flashi hata mchana. Lakini aparei nyingi za pazia zinakataa flashi juu ya 1/60 au zaidi kidogo. Kwa filimu ya 100 juani, 1/60 inakulazimisha diafragma ya 22, na flashi ndogo yenye namba elekezi 28 itafika mita moja na robo tu. Unampiga bibi arusi pua. Obtirateri ya ndani ya lenzi inakubali flashi mwendo wowote mpaka 1/500. Hapo diafragma ni 8, na flashi ileile inafika mita tatu na nusu. Familia nzima inaingia, na macho yao yanaonekana. Tena haina kioo kinachoruka, kwa hiyo haitikisiki. Napiga 1/15 mkononi, ndani ya kanisa, na hakuna anayegeuka. Kwenye matanga hilo lina uzito wake.

Nilipolalamika kwamba kazi hii ni ya fundi na si ya mpiga picha, baba mdogo alinikumbusha Malick Sidibé wa Bamako, aliyepata tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, Mwafrika wa kwanza kuipata. Studio yake ilijaa aparei mbovu za watu, akizitengeneza kwa mikono yake, kwa sababu picha peke yake hazikumshibisha.

Tate alifariki Januari 2021. Filimu nyingine ilinifikia Februari.

Juu ya sanduku tuliweka ile ya jikoni. Shangazi mmoja hakufurahi, alisema mama anaonekana kama mtu aliyekurupushwa, kichwa wazi, sombe mapajani, na ni kweli. Nilitaka kueleza juu ya vibati na mafuta, nikaona si mahali pake. Watoto wadogo walisimama mbele ya picha ile wakamwiga anavyogombeza. Zile kumi nyeusi sijazitupa. Nimejaribu moja kuipiga picha kwa simu mbele ya taa kali, kuna umbo la kilemba, na kitu kinachoweza kuwa bega.

Sasa aparei inafanya kazi. Jumamosi nawapiga wazee wa Kalundu na Kasenga, kila mzee picha mbili, si zaidi, kwa sababu filimu moja inapofika hapa imekula dola 15 au 20. Wanaolipa wanalipa, wasioweza wanaleta ndizi. Walio na negatifu za zamani zilizolowa katika mafuriko yoyote, msizikaushe zikiwa zimebandana na msizivute kwa nguvu. Ziwekeni kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, suuzeni, zitundikeni kwa kibanio mahali pasipo vumbi. Zilizokwisha kukauka zimeshikana, zileteni vilevile, tutajaribu pamoja.

Jumamosi hii niko nyumbani kuanzia saa mbili asubuhi. Kwenye filimu zimebaki picha nne, na mbili zimeshaahidiwa. Mwenye aparei ya macho mawili aje nayo. Kopo la mafuta ya mashini aliache kwake.